Mlango wa Mji na Mtu wa Miguu



Mwezi huu sitasema juu ya ndoa, wala juu ya pombe, wala juu ya deni la dukani. Nataka tuzungumze juu ya vitu viwili ambavyo watu wengi wanaona havina undugu hata kidogo. Cha kwanza ni bango kubwa linalosimama kwenye mlango wa mji na kusema "Karibu". Cha pili ni ile mistari myeupe na taa zinazowavusha watu wa miguu. Cha kwanza wakubwa wanakipenda kwa sababu kinaonekana mbali na kinapigwa picha. Cha pili hakina sherehe. Hakuna anayekata utepe kwa ajili ya mistari ya rangi juu ya lami, na hakuna anayechinja mbuzi kwa sababu mtoto amevuka njia salama akafika masomoni. Lakini mimi nasema vitu hivi viwili ni mama mmoja na baba mmoja, na mji unaopenda kimoja na kusahau kingine umejidanganya wenyewe.

Tuanze na bango.

Mtu akifika mahali anataka kujua amefika wapi. Hilo si kiburi. Hata katika nyumba zetu tunaandika juu ya mlango, "Mungu ni mwema" au "Karibu kwa amani". Watu wa Mombasa wana pembe kubwa za ndovu zinazopita juu ya njia yao, ile inayoitwa leo Moi Avenue. Si pembe za kweli, ni za aluminiamu. Zilisimamishwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya wageni wa ufalme wa Uingereza. Wageni wale walikwenda zao zamani, pembe zimebaki, na leo mtu akiziona katika picha anasema, "Hii ni Mombasa." Jirani zetu wa Goma walisimamisha sanamu ya chukudu, lile gari la mbao ambalo vijana wanabebea makala, viazi na ndizi. Mimi hiyo naisifu. Hawakuchonga sura ya mkubwa, walichonga kazi ya mtu mdogo.

Sisi Wakongomani tunajua vizuri sana kazi ya kubadilisha mabango. Mwaka 1966 Elisabethville ikawa Lubumbashi, Jadotville ikawa Likasi, Stanleyville ikawa Kisangani, Albertville ikawa Kalemie. Mwaka 1971 nchi yenyewe ikaitwa Zaire. Mwaka 1997 ikarudi kuwa Kongo. Kila mara mafundi walipanda ngazi, wakafuta, wakaandika upya. Mwaka 2013 serikali ya Kinshasa ilitoa amri ya kuzipa senta nyingi cheo cha mji, na kwetu Kivu ya Kusini, Uvira, Baraka na Kamituga zikawa katika hesabu hiyo, ingawa miaka mingine ilipita kabla ya cheo hicho kuanza kutumika kwa kweli. Watu wakafurahi: "Sasa sisi ni ville!" Vizuri. Lakini mama anayetoka Kalundu na beseni la ndagala kichwani, je, njia aliyoivuka wakati wa jina la zamani na njia anayoivuka wakati wa jina jipya, imebadilika nini? Jina limepanda cheo, na yeye bado anavuka kwa kukimbia.

Sasa nataka nikuonyeshe jambo ambalo wengi hatukufundishwa. Bango la jina la mji si pambo tu. Ni sheria.

Mwaka 1968, katika mji wa Vienna kule Austria, mataifa yalipatana juu ya alama za barabarani ili shofere wa nchi moja asipotee katika nchi nyingine. Nchi yetu, wakati huo Zaire, iliingia katika mapatano hayo mwaka 1977. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Agosti 1978, ikatoka sheria namba 78-022, ndiyo kodi ya barabara ambayo polisi wa rulaje wanaijua. Katika mapatano hayo kuna alama ya pekee: jina la mahali limeandikwa pale ambapo nyumba zinaanza. Maana yake si "Angalieni uzuri wetu." Maana yake ni: "Wewe shofere, kuanzia hapa watu wanaishi. Toa mguu. Kanuni za porini zimeisha, kanuni za mahali pa watu zimeanza." Na mwishoni kuna alama nyingine, jina lilelile limekatwa mstari. Maana yake mahali pa watu pamekwisha.

Umeona sasa? Bango la mlangoni ndilo la kwanza kumlinda mtu wa miguu. Linaanza kazi ambayo mistari myeupe na taa zinaimaliza. Kama bango linasema "Karibu" lakini shofere anapita pale na mbio ileile aliyotoka nayo porini, bango hilo limesema uongo. Linamkaribisha mwenye gari na kumsahau mwenye mji.

Tuangalie njia yetu wenyewe. Barabara ya Taifa namba 5 inatoka Bukavu, inashuka hadi Kamanyola, inapita Luvungi, Sange na Kiliba, inaingia Uvira, halafu inafuata ziwa kuelekea Baraka na Fizi. Mlima uko upande mmoja, ziwa liko upande mwingine, na mji wa Uvira umelala katikati kama kamba ndefu. Mtu wa Uvira hawezi kuishi bila kuvuka njia. Maji yako ng'ambo, soko liko ng'ambo, masomo yako ng'ambo, kanisa liko ng'ambo. Na juu ya njia hiyohiyo moja kuna kamiyo zinazotoka mpakani Kavimvira, kuna mabasi, kuna moto, kuna kinga zenye magunia matatu, kuna mbuzi, kuna watoto. Katika vijiji vya uwanda wa Ruzizi ni vivyo hivyo. Tumejenga tukifuata barabara kwa sababu barabara inaleta biashara. Ni kweli inaleta. Lakini inaleta na kingine.

Sange hawahitaji kuambiwa. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, kamiyo ya petroli ilianguka katikati ya senta. Watu wakakimbilia kuchota, wengine walikuwa wamejaa katika nyumba ndogo wakiangalia mupira wa Kombe la Dunia. Moto ukalipuka. Zaidi ya watu 230 walikufa. Sisemi kwamba mistari myeupe ingezuia moto ule. Nasema tu kwamba usiku ule tulifundishwa barabara ni kitu gani: chombo chenye uzito mkubwa na shehena ya hatari kinapita hatua chache kutoka kwenye mkeka wa mtoto anayelala. Kila mahali palipo hivyo panahitaji shofere aambiwe mapema, kwa alama inayoonekana, kwamba ameingia kati ya watu.

Shirika la Afya la Dunia lilitangaza mwaka 2023 kwamba watu kama milioni 1.19 wanakufa barabarani kila mwaka duniani kote. Kati yao, karibu mmoja kwa kila watano ni mtu wa miguu. Na kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29, barabara inaua kuliko ugonjwa wowote. Fikiri, ndugu. Tunaombea malaria, tunaombea homa, na ni vizuri. Nani anasimama siku ya Jumapili kuombea mahali pa kuvukia mbele ya masomo?

Wengine wanasema taa za barabarani ni mambo ya wazungu tu. Basi nikueleze kwamba hata wazungu walianza kwa shida. Taa ya kwanza ya namna hiyo ilisimamishwa London mwezi wa Desemba 1868, karibu na nyumba ya Bunge. Aliyeifikiria alikuwa mtu wa reli, John Peake Knight. Ilitumia gesi, na polisi aliigeuza kwa mkono. Baada ya mwezi mmoja hivi, Januari 1869, ililipuka ikamwumiza polisi. Wakaiacha miaka mingi. Mistari myeusi na myeupe ya kuvukia, ile inayofanana na punda milia, iliingia katika sheria ya Uingereza mwaka 1951 tu. Kwa hiyo hakuna mji uliozaliwa na taa. Kila mji ulijifunza, mara nyingi baada ya kuzika.

Na sisi hatukukaa mikono mitupu. Mwaka 2013 watu wa Kinshasa walishangaa kuona maroboti mawili yamesimama katikati ya njia kubwa, kila moja limempita mtu kwa urefu, yakinyosha mikono kama polisi wa rulaje. Aliyeyatengeneza hakutoka Japani. Ni mama mmoja Mkongomani, enjenia Thérèse Izay, pamoja na wenzake wa chama cha wanawake wenye ufundi. Mwili ulikuwa wa aluminiamu ili uvumilie jua na mvua. Nguvu ilitoka katika jua, kwa sababu kule nako umeme unakatika. Lilikuwa na taa nyekundu na kijani, lilikuwa na kamera, na lilizungumza: liliwaambia wenye gari wasimame na watu wa miguu wapite. Mwaka 2015 yakaongezwa mengine matatu yaliyotengenezwa vizuri zaidi kuliko ya kwanza. Watu walisema shofere anayembishia polisi hawezi kulibishia roboti, kwa sababu roboti haliombi pesa ya fanta.

Ninapenda habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, mama yule hakuanza na kitu cha kupendeza wageni. Alianza na swali la mtu wa miguu: nitavuka namna gani? Pili, aliangalia hali ya kwetu jinsi ilivyo. Aliona umeme haupo, akachukua jua. Hiyo ndiyo hekima.

Lakini mashine yoyote inataka mtu wa kuitunza. Taa iliyokufa ni mbaya kuliko mahali pasipo taa, kwa sababu mtoto aliyefundishwa kungoja kijani atangoja, atachoka, halafu atajitupa. Ndiyo maana kabla ya kuomba taa, mji ujiulize: nani atabadilisha betri? Nani atafuta vumbi? Nani atapaka upya rangi baada ya mvua mbili? Kama hakuna jina la mtu katika daftari, msiombe taa. Ombeni kwanza kitu mnachoweza kukitunza.

Sasa tuseme mji umepata taa, au una taa za zamani na unataka kuzitengeneza vizuri zaidi. Kuna mambo ya kupima, na hata wewe usiye enjenia unaweza kuyapima.

La kwanza ni muda. Mafundi wengi wanahesabu kwamba mtu anatembea mita 1.2 kwa sekunde moja. Njia yenye upana wa mita 7 ataivuka kwa sekunde 6 hivi. Lakini huyo ni kijana mwenye afya asiyebeba kitu. Bibi mwenye fimbo, mama mwenye mimba, mtu aliyetoka katika shimo la machimbo na mgongo umevunjika, huyo anatembea mita 0.8, pengine chini ya hapo. Anahitaji karibu sekunde 9. Sekunde tatu hizo ndizo tofauti kati ya kufika ng'ambo na kubaki katikati huku kamiyo inapiga honi. Taa inayompimia kijana peke yake imewahukumu wazee.

La pili ni sauti. Kipofu haoni kijani. Katika miji mingi taa za kuvukia sasa zinatoa mlio, polepole wakati wa kungoja, haraka wakati wa kupita. La tatu ni hesabu inayoonekana, namba zinazoshuka, ili mtu ajue kama bado ana muda au asubiri zamu nyingine.

La nne ni mbio ya gari kabla ya kufika pale, na hapa ndipo tunarudi kwenye bango letu. Gari linalokwenda kilometa 60 kwa saa linapita karibu mita 17 katika sekunde moja. Shofere akimwona mtoto, sekunde moja inaisha kabla mguu wake haujashika breki. Mita 17 zimekwenda tayari, na gari bado halijaanza kusimama! Akiwa na kilometa 30 kwa saa, ni mita 8 hivi. Tena mbio ikiongezeka mara mbili, breki inahitaji nafasi mara nne ili kulisimamisha gari. Taa haiwezi kumsaidia mtu ambaye gari linamfikia kama mshale. Kwa hiyo kazi inaanzia mlangoni: bango linalosomeka, halafu tuta, yale watu wetu wanayaita dodane, halafu mistari, halafu taa kama ipo.

Nabii Habakuki, katika sura ya 2 mstari wa 2, aliagizwa kuandika maono juu ya vibao kwa maandishi ya wazi, hata anayekwenda mbio aweze kuyasoma. Kila anayechora bango la mji angepaswa kuanza na somo hilo. Mabango mengi siku hizi yamejaa picha za wakubwa, majina ya wafadhili, matangazo ya bia na simu. Jina la mji limebanwa pembeni kama mtoto yatima. Usiku haling'ai. Shofere anayekwenda mbio atasoma nini pale? Anatambua chupa ya bia, hatambui kwamba ameingia kati ya watoto.

Neno langu kwa ninyi mnaoishi karibu na migodi. Ninyi mnajua kamiyo kuliko sisi wa ziwani. Kule Lualaba, mwezi wa Februari 2019, kamiyo iliyobeba asidi ya machimbo iligongana na magari mengine katika njia ya kati ya Kolwezi na Lubumbashi, na watu kama 20 walikufa, wengine kwa kuunguzwa na asidi yenyewe. Shaba na kobalti zinatoka, asidi na chokaa vinaingia, na katikati ya yote hayo kuna mama anayeuza maandazi.

Basi jueni haki yenu. Sheria ya migodi ilitengenezwa upya tarehe 9 Machi 2018. Inasema kwamba ushuru wa migodi unagawanywa: asilimia 50 inakwenda serikali ya katikati, asilimia 25 inakwenda jimbo, asilimia 15 inakwenda kwa utawala wa mahali penyewe, yaani mji, komini, sekta au sheferi ambamo mgodi uko, na asilimia 10 inawekwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Tena kampuni yenye kuchimba inapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji wa pale, na inapaswa kupatana nao katika daftari la ahadi, ambalo watu wa ofisi wanaliita cahier des charges. Katika daftari hilo watu wanaomba masomo, hospitali, visima. Ni vizuri. Ombeni pia mahali pa kuvukia. Ombeni mabango kwenye mlango wa kijiji, matuta mbele ya masomo, rangi, taa za jua. Ukilinganisha na bei ya kamiyo moja tu, ni pesa kidogo. Anayeleta kamiyo ndiye anayeongeza hatari. Si aibu kumwambia atengeneze na ulinzi.

Na ninyi mnaochimba kwa mikono, mahali pasipo kampuni kubwa, mna koperative zenu. Kila wiki mnakusanya pesa ya hiki na kile. Debe moja la rangi nyeupe mnaliweza.

Najua maneno ambayo watu watanijibu. Nayasikia sokoni kila siku.

Wa kwanza anasema: "Pasta, kwanza amani, kwanza maji, halafu mabango." Namheshimu. Katikati ya Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika Uvira, watu makumi walikufa, maelfu wakabaki bila nyumba. Baadaye ziwa lenyewe likapanda likaingia katika parseli za watu. Vita navyo tumevijua kwa majina mengi. Mtu asiniambie kwamba sioni. Lakini mtoto anayevuka njia hangojei amani ndipo aende masomoni. Anavuka leo saa moja ya asubuhi. Shida kubwa isitufanye tuache ile tunayoweza kuimaliza kwa ndoo ya rangi na siku mbili za salongo.

Wa pili anasema: "Watu wetu hawatii. Sisi tunavukaka tu hivi hivi." Ni kweli, lakini nani aliwahi kuwapa mahali pa kutii? Huwezi kumlaumu mtu kwa kutovuka kwenye mistari ambayo haijachorwa. Weka kwanza, fundisha, halafu uadhibu.

Wa tatu, na huyu ni wa kanisani kabisa, anasema: "Siku yako ikifika imefika. Ajali haina kinga." Ndugu yangu, methali hiyo naijua, lakini ina ndugu yake anayesema kinga ni bora kuliko tiba, na mimi nafuata huyo wa pili. Kwa maana Mungu mwenyewe hakukubali maneno ya namna hiyo. Fungua Kumbukumbu la Torati sura ya 22, mstari wa 8. Anayejenga nyumba mpya anaamriwa kuweka ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake isiwe juu ya nyumba ile. Soma tena polepole. Mungu hakusema, "Kama siku yake imefika, ataanguka." Alisema, weka ukuta. Usipoweka, na mtu akaanguka, nyumba yako ina deni la damu. Nyumba inaweza kuwa nzuri, yenye mlango uliopambwa, na bado ina deni la damu juu ya dari.

Mji ni nyumba kubwa. Barabara ndiyo dari yake, mahali ambapo watu wanaweza kuanguka. Mistari, matuta na taa ndivyo ukuta wake mdogo. Na Isaya 62:10 inaweka mambo yote pamoja: watu wapite malangoni, njia itengenezwe, mawe yaondolewe, bendera iinuliwe kwa ajili ya mataifa. Angalia mpangilio. Bendera ipo, nayo ni nzuri, lakini inatajwa mwisho, baada ya njia kutengenezwa na mawe kuondolewa. Sisi tunapenda kuinua bendera kwanza, halafu mawe tunayaacha hapohapo.

Kazi yetu wachungaji inatufikisha kwenye matanga mengi. Mtoto aliyegongwa njiani ana matanga ya pekee. Hakuugua, hakuna aliyekesha naye. Asubuhi alikunywa uji, saa mbili ameletwa katika shuka. Watu wanasema "mapenzi ya Mungu" kwa sababu hawajui neno lingine la kusema. Mimi pale sibishani na mtu, ninakaa na mama yule. Lakini hapa katika ukurasa huu, mahali pasipo kilio, nawaambia wazi: tusimpe Mungu lawama ya kazi ambayo sisi hatukuifanya.

Tufanye nini basi?

Wazazi, vuka na mtoto wako mara tano, mara kumi, mpaka miguu yake ijue. Mfundishe kusimama, kuangalia kushoto, kulia, tena kushoto, na kusikiliza. Asitokee kati ya kamiyo mbili zilizosimama. Usiku avae kitu cheupe.

Vijana wa moto, ninyi ni wana wa kanisa. Mtu akiwa juu ya mistari, simama. Usimpitie mbele wala nyuma. Utapoteza sekunde nne, hutapoteza mteja.

Wakuu wa masomo, chagueni wanafunzi wakubwa wawili na mwalimu mmoja, wenye kitambaa chekundu, wasimame njiani asubuhi na mchana. Nusu saa inatosha.

Makanisa yenye mlango juu ya barabara, msingoje shefu wa kartye. Mwendeeni. Mwandikieni mea na polisi wa rulaje barua moja, mtie sahihi pamoja, Waprotestanti, Wakatoliki, Wakimbangu na Waislamu. Ombeni ruhusa ya kupaka mistari, msipake kwa siri, maana alama isiyo na ruhusa inaweza kuleta hatari nyingine. Siku ya kuomba bango jipya la mlango wa mji, ombeni mambo matatu: jina lisomeke, usiku ling'ae, na mbele yake pawe na tuta.

Na ninyi wakubwa mnaotusoma, jengeni mlango mzuri. Hatukatai. Tunapenda mgeni aseme, "Hapa pana watu." Ila mgeni ajue hilo kwa mguu wake juu ya breki, si kwa macho tu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani baada ya chakula:

1. Watoto wetu wanavuka njia mara ngapi kwa siku, na mahali gani? Baba, umewahi kwenda kupaona?

2. Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Katika parseli yetu, katika kazi yetu, katika kijiji chetu, ni "dari" gani isiyo na ukuta?

3. Katika mtaa wetu, nani anaweza kwenda pamoja nasi kwa shefu wiki hii? Andikeni jina lake na siku.

Bwana alinde kutoka kwenu na kuingia kwenu.

Mchungaji wenu, Nyakabere